Pamba Juu, Godoro Ndani

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na mitatu. Ni mjane, mama wa watoto watatu, na kazi yangu ni ushonaji. Ninakaa hapa Lubumbashi, katika komini ya Katuba, kwenye chumba cha kupanga. Kama unatafuta mkasa wa mtu aliyesamehe, pita, soma kurasa nyingine. Mimi sijasamehe…

Mume wangu aliitwa Ferdinand. Baba yake alikuwa mtu wa reli, aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga akiwa kijana. Ferdinand alichomelea vyuma katika garaji moja ya malori. Alikuwa mtu wa sauti ndogo na kicheko kikubwa. Jumapili aliimba katika kwaya ya parokia, na akirudi nyumbani aliingia jikoni mwenyewe kupika samaki wa Kasenga. Alisema sisi wanawake tunamkausha samaki mpaka anasahau kwamba alitoka mtoni.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, dada yake mdogo, Solange. Baba yao alipofariki, Ferdinand aliacha masomo akaingia garaji, ili Solange asome uuguzi. Vidole vyake vilijaa makovu ya moto kwa ajili ya vitabu vya dada yake. Lishike hilo, msomaji, kabla hujasikia mengine.

Solange alikuwa muuguzi kwa miaka kadhaa, halafu akaacha, akaanza kuuza vifaa vya hospitali. Siku moja alinijia na kitu kidogo cha mraba, kilichofungwa vizuri. Ilikuwa bandeji ya vidonda kutoka ng'ambo. Alinifungulia, akanionyesha matabaka yake moja baada ya jingine. Chini kulikuwa na pamba laini inayogusa kidonda bila kugandana nacho. Katikati kulikuwa na sponji nyeupe ya hospitali, inayokunywa maji na usaha. Juu kulikuwa na kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, kinachozuia vumbi.

Aliniambia kwamba watu wanafungwa vidonda kwa matambara kwa sababu bandeji za namna hii hazipatikani. Kwa nini sisi tusizitengeneze hapa hapa?

"Yaya, weye uko na mikono ya muzuri," alisema, kwani yaya kwetu ni dada au kaka mkubwa. "Miye najua kwenye bitaenda. Tutumike pamoja."

Nilifurahi! Ni nani asingefurahi? Wifi yangu, damu ya mume wangu, ananiita katika kazi ya kuponya watu!

Nitasema ukweli hata juu ya adui yangu: mwanzo kazi ilikuwa safi. Sponji ilitoka Zambia, ikapita mpakani Sakania kwa treni. Mimi nilichemsha pamba, nikaikausha, nikaipiga pasi, nikashona pande tatu. Solange alichukua vifuko vyangu, akaenda navyo kwake, akaingiza sponji, akafunga upande wa nne, akavipitisha kwenye mashine ya moto ya kuua wadudu. Alisema sehemu hiyo inataka usafi ambao ua wangu wenye kuku hauna. Nilikubali. Kwa hiyo mambo ya ndani sikuyaona mimi… Niliona pamba tu.

Kliniki zilizipenda. Wagonjwa walipona. Solange na mumewe wakahamia Golf, mtaa wa matajiri, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu na maua. Sikumwonea wivu. Nilisema kanisani, Mungu amebariki ukoo wetu.

Sasa sikilizeni namna shetani anavyoingia bila kubisha hodi.

Siku moja garajini bati zito lilimteleza mwenzake mikononi, likampasua Ferdinand mguu chini ya goti. Walimpeleka hospitali, wakamshona. Daktari alisema ni kidonda kikubwa lakini safi, kitapona akitulia na kukifunga vizuri. Ferdinand alirudi nyumbani akicheka, akisema hatimaye amepata likizo.

Solange alikuja siku ile ile na katoni nzima ya bandeji zetu. Alimbusu kaka yake kwenye paji la uso. Mimi nilizipanga kabatini kwa majivuno. Nilijua kila mshono. Nilimwambia Ferdinand kwamba mkono wa mkewe utakaa mguuni mwake mpaka apone.

Ee Mungu wangu, maneno gani yale!

Nilinawa mikono kwa sabuni, nikachemsha maji ya chumvi, nikafunga kidonda kama nilivyoelekezwa. Kwanza kilikuwa chekundu. Halafu kikaanza kutoa maji. Bandeji niliyotegemea inywe maji ilikuwa inayarudisha, kama kitambaa kilichokwisha kushiba. Kisha ikaja harufu… Anayeijua harufu ile hahitaji kuelezwa.

Nilimwita Solange. Alikuja na gari lake, akasimama mlangoni mwa chumba. Nilipofunua mguu alitazama mara moja tu, akageuka, akasema simu yake inalia. Alitoka nje. Mimi sikusikia simu yoyote.

Nilimfuata uani. Nilimwuliza kama si heri tununue bandeji za famasi mjini, hata kwa siku chache, tuone. Alitengeneza kitenge chake begani, akanijibu bila kuniangalia:

"Ya shiye njo ya muzuri, yaya. Tukianza kutumia ya bengine, bantu batasema hata shiye benyewe hatuamini kazi yetu."

Alisema pengine mimi ndiye nisiyefunga vizuri. Alisema ataniletea katoni nyingine. Akaileta, akamtuma dereva.

Kuna jambo lililonipita machoni siku zile. Mama mkwe wangu, mama yao Ferdinand na Solange, ana kisukari, na kwa miaka mingi alikuwa na kidonda kisiginoni ambacho hufunga na kufunguka tena. Nilipoenda kumsalimu niliona kwenye pipa lake la taka karatasi za bandeji za famasi, zile za ng'ambo. Solange ndiye aliyemnunulia. Nikafikiri, mtoto wa kike wa pekee anamdekeza mama yake. Nikaenda zangu nyumbani kumfunga mume wangu kwa zile zetu.

Mnaona? Solange mama yake alimnunulia za famasi. Kaka yake alimpa zetu!

Homa ilimpanda Ferdinand asubuhi moja ya Jumapili, akiwa anajaribu kuimba kitandani. Tulimkimbiza hospitali. Daktari wa upasuaji alisafisha kidonda kwa muda mrefu, kisha akaniita. Kwenye kisahani cha chuma aliniwekea punje ndogo ndogo za manjano, laini, kama makombo ya mkate ulioloa. Alizitoa ndani ya nyama ya mume wangu.

"Mama, mulikuwa munafunga hii kidonda na nini?" aliniuliza.

Nilisema, na bandeji. Alinitazama kwa huruma ambayo ilinichoma kuliko tusi.

Walikata mguu. Ferdinand alipoamka alinishika mkono, akaniambia nisilie, kwamba mtu anaweza kuchomelea vyuma akiwa amekaa. Lakini uozo ulikuwa umekwisha kuingia katika damu. Alizimika polepole, kama jiko la mbabula lililokosa makaa. Neno lake la mwisho lenye maana lilikuwa jina la Nadège, binti yetu mkubwa. Baada ya hapo alizungumza na baba yake, aliyekufa zamani…

Mnafikiri mkasa umeisha? Ulikuwa haujaanza!

Kwenye kilio, nikiwa nimekaa chini na wanawake, niliona watu wananikwepa. Shangazi mmoja alikataa maji niliyompa. Nilikuja kuambiwa baadaye na jirani. Solange alikuwa akipita kwa kila mkubwa wa ukoo akilia, akisema kwamba yaya yake ameoza kwa sababu ya mke mchafu. Kwamba nilimfunga kwa matambara ya mitumba kwa mikono iliyotoka kushika kuku. Kwamba yeye alileta bandeji nzuri nami nikaziuza.

Nilishindwa hata kujitetea. Mtu aliyefiwa anajitetea namna gani? Nani alikuwa na akili ya kubishana na muuguzi?

Nyumba ilikuwa bado kwa jina la baba mkwe. Tulitolewa. Solange mwenyewe alikuja na gari la kubeba mizigo, akachukua cherehani yangu, akisema ni mali ya kazi. Nadège aliishika cherehani kwa mikono miwili, akaburuzwa nayo mpaka mlangoni. Nilimwambia aiachie. Aliniangalia kama mtu ambaye amepoteza wazazi wote wawili kwa wakati mmoja.

Tulihamia chumba hiki. Mama mmoja wa parokia aliniazima cherehani yake ya mkono, nikaanza kushona mito ya kulalia. Ili kuijaza nilitafuta mabaki ya magodoro. Nikaelekezwa kwa Papa Muhindo, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, anayeuza magodoro kwa jumla na kukusanya ya zamani yaliyopasuka. Ni mtu wa sala, mwenye maneno machache.

Alinipeleka nyuma ya depo lake. Kulikuwa na rundo la sponji za godoro, nyingine zimekuwa za manjano, nyingine zina madoa ambayo sitayataja. Niliokota kipande, nikakibonyeza. Kilimeguka. Kiganjani mwangu zilibaki punje ndogo ndogo za manjano, laini, kama makombo ya mkate…

Nilizikung'uta kama zimeniunguza. Papa Muhindo alidhani sipendi bidhaa. Aliniomba msamaha, akasema vipande vya afadhali vimekwisha kuchukuliwa.

"Bya muzuri binachukuliwaka na mama moya wa Golf," alisema. "Eko na gari nyeupe. Anaombaka tumukatie bidogo bidogo, bya kulingana. Anasema ni ya kushonea badoli."

Wanasesere! Ferdinand wangu alikuwa mwanasesere!

Sikulia. Nilikaa juu ya lile rundo, nikaelewa kila kitu mfululizo: simu isiyolia, katoni iliyoletwa na dereva, karatasi za famasi kwenye taka ya mama mkwe. Treni ya Sakania ilichelewa, au sponji ya kweli ilikuwa adimu, au tamaa tu ilizidi. Sababu haikunihusu. Nilimwomba Papa Muhindo kitu kimoja, kwamba siku nitakayomwita aje aseme aliyoniambia. Nilimweleza kwa nini. Yule mzee alivua kofia yake, akakubali.

Tangu siku ile nilikuwa na kazi mbili, kushona mito na kungoja.

Ningeweza kwenda Golf kupiga kelele getini. Wangesema mjane amerukwa na akili. Hapana. Nilijifunza kutabasamu. Kanisani nilimsalimu Solange kwa mikono miwili, nikamwuliza habari za kazi. Nilimwombea mbele yake kwa sauti. Alianza kulegea, akanitumia mfuko wa unga. Tulipika bukari ya unga ule, tukala, nami kila tonge nililomeza lilinipa nguvu ya kumchukia.

Katika mfuko wa nguo alizovaa Ferdinand hospitali, ambao hakuna aliyeutaka, zilibaki bandeji chache ambazo hazijafunguliwa. Nilizitunza.

Siku ya kutoa matanga ikafika. Baada ya misa ukoo ulikusanyika mchana uani kwa mama mkwe, chini ya turubai. Mkubwa wa ukoo alikuwa Baba Anselme, kaka wa marehemu baba mkwe, mzee wa reli mwenye sauti ya kengele. Nilikuja nimevaa vizuri, nikapiga magoti, nikaomba ruhusa. Nilisema kwamba nilisingiziwa kuwa nilimfunga mume wangu vibaya. Nimekuja kuomba radhi kwa namna ya mkamwana: nimfunge mama mkwe kisigino chake mbele ya wote, wanione mikono yangu, na nitumie bandeji ile ile ya wifi yangu ambayo nilisemekana niliiuza.

Watu walinung'unika kwa kuridhika. Baba Anselme alisema ni jambo la heshima.

Nilinawa mikono mbele yao. Niliuweka mguu wa mama mkwe gotini pangu. Nilifungua kile kidonda. Kisha nikatoa bandeji, nikaiinua juu ili Solange aione vizuri, nikaanza kuipasua karatasi yake polepole…

Solange aliruka kutoka kwenye kiti. Vikombe vilianguka.

"Usimuguse mama na ile kitu!"

Nilimwuliza taratibu kwa nini. Si bandeji yake? Si ndiyo iliyomfunga kaka yake? Alifungua mdomo, akasema imepitwa na wakati. Nikatoa nyingine. Akasema mimi ni mchawi. Akataka kunipokonya, lakini Baba Anselme alikuwa amekwisha kuichukua.

Mzee alitoa kisu chake cha mfukoni, akaichana ile pamba yangu nyeupe juu ya kitambaa cha meza. Punje za manjano zilimwagika. Nilimwita Papa Muhindo aliyekuwa akingoja barabarani. Aliingia, akasema aliyoyasema depo.

Mama mkwe alikuwa bado ameweka mguu wake gotini pangu, kidonda wazi, nzi wanakizunguka. Hakuna aliyekumbuka kukifunika, hata mimi. Alimtazama binti yake.

"Solange," alisema, "Ferdinand ilikuwa muntu kwako, ao hapana?"

Solange alichukua mkoba wake akatoka. Na mimi, wasomaji, nilifurahi! Nilisikia utamu mwilini ambao sikuwahi kuusikia hata siku ya harusi yangu.

Sikuishia hapo. Nilipeleka bandeji na punje kwa wenye kliniki, mmoja mmoja. Kumbe na kwao kulikuwa na vidonda vilivyogoma kupona! Nilikwenda kwa mwendesha mashtaka, na Baba Anselme akiwa mbele yangu. Solange alikamatwa mbele ya maua yake ya Golf. Mumewe alihama. Mahakamani Solange alishikilia neno moja, kwamba alidanganywa na mtu aliyemuuzia, kwamba hakujua ni godoro. Alipoulizwa juu ya kaka yake alilia, akasema angejua angetoa mguu wake mwenyewe.

Alifungwa. Nilikuwa nakwenda siku za kutazama wafungwa, si kumpelekea chakula. Nilikwenda anione nimevaa vizuri.

Alipotoka hakubaki mjini. Alikimbilia Sakania, akauza sabuni na biskuti karibu na stesheni. Mama mkwe alikataa kutajiwa jina lake. Ni mimi niliyemhudumia yule mama, nikamfunga kisigino kwa bandeji za hospitali mpaka kisukari kilipommaliza mwaka huu.

Siku ya mazishi, jeneza likiwa bado uani, waliniambia kuna mwanamke getini. Nilitoka. Solange alikuwa amekonda, amevaa ndara, kitenge kimepauka. Aliomba kitu kimoja tu, auone uso wa mama yake kabla haujafunikwa.

Nilisimama katikati ya geti. Nadège alikuwa nyuma yangu. Nilimwambia ataingia, lakini kwanza aseme. Asiniambie ya mahakamani. Aseme kama alijua kwamba ni godoro lake lililokuwa likimwoza kaka yake.

Alitazama chini. Watu walikuwa wakiimba ndani.

"Nilijua," alisema. "Tangu siku ile nilisimama mu mulango. Nilijua, yaya. Niliogopa kliniki batasikia."

Nilifungua geti. Alipita mbele yangu bila kuniangalia, akaenda kumwangukia mama yake.

Nilikuwa nimelingoja neno lile kwa miaka. Nililipata… nikakaa chini pale pale getini, nikalia kama siku Ferdinand alipokata roho. Kwa sababu hapo ndipo nilipotambua kwamba sehemu fulani ndani yangu ilikuwa ikimwamini Solange. Miaka yote nikimwita muuaji, moyo mmoja mdogo ulikuwa ukisema labda hakujua, labda Ferdinand aliuawa na uzembe tu, si na dada aliyelelewa na yeye. Sasa moyo ule nao umekufa. Ferdinand aliangaliwa machoni, akaachwa aoze, kwa ajili ya kliniki.

Nadège alinipa mkono ninyanyuke. Naye hamsalimu shangazi yake mpaka leo, na chuki iliyo machoni mwake naitambua, kwa maana ni yangu.

Wasomaji wenzangu, dada zangu na kaka zangu! Kitu kinachowekwa ndani ya mwili wa mtu wako, kipasue kwanza, ukione. Hata kama kimeletwa na ndugu. Hata kama umekishona mwenyewe! Kidonda kikianza kunuka, usibembeleze heshima ya ukoo, kimbia hospitali siku hiyo hiyo. Na wewe unayeuza, unayejua kilichomo ndani, sema mapema, sema kabla ya homa. Biashara ikianguka utaijenga tena.

Na kama umekwisha kudhulumiwa kama mimi, peleka mashtaka, mtu afungwe, haki yako uipate yote. Mimi niliipata, wala sijutii hata siku moja ya kifungo chake. Lakini usimfuate mtu mpaka getini kumwuliza kama alijua… Utajibiwa.